Si Tulishamchangia?



Tulikusudia kuendelea na mafundisho juu ya ndoa, lakini kuna neno lililotamkwa hivi karibuni katika kikao cha jumuiya moja ya kando ya ziwa, nasi hatuwezi kulipita kimya. Mama mmoja aliomba asaidiwe nauli na matumizi ya kumpeleka mwanawe Dar es Salaam kwa upasuaji wa moyo. Ni mtoto yuleyule aliyechangiwa mwaka juzi. Mtu mmoja akauliza, “Si tulishamchangia?” Kikao kikanyamaza kidogo, kisha kikaendelea na ajenda ya sare za kwaya.

Hatuandiki ili kumwaibisha aliyeuliza, maana alisema kwa sauti yale ambayo wenzake waliyawaza. Tunaandika kwa kuwa swali hilo limebeba kosa ndani yake, na kosa hilo linaua watoto. Kosa lenyewe ni kudhani kwamba kila ugonjwa una umbo la mchango wetu: unatokea, unachangiwa, unakwisha, tunapiga makofi. Upo ugonjwa wa moyo usio na umbo hilo hata kidogo, na hatuna budi kuueleza kwa utaratibu, kwa sababu asiyeuelewa ataendelea kuuliza swali lile kwa dhamiri safi kabisa.

Moyo wa binadamu una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Chumba cha chini cha kulia huipeleka damu mapafuni ikachukue hewa safi, na cha kushoto huipeleka mwili mzima. Ni pampu mbili katika nyumba moja. Wapo watoto wanaozaliwa na pampu moja tu inayofaa. Ya pili haikukua tumboni mwa mama, au mlango wake haukufunguka. Damu safi na damu iliyokwisha kutumika huchanganyika, na chumba hicho kimoja hulazimika kuyahudumia mapafu na mwili kwa pamoja. Wataalamu hukadiria kwamba katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa hai, takribani wanane wana kasoro fulani ya moyo. Wenye chumba kimoja cha kusukuma ni sehemu ndogo tu ya hao, lakini njia yao ni ndefu kuliko ya karibu wote.

Hakuna daktari duniani awezaye kumjengea mtoto huyo chumba cha pili. Linalowezekana ni kuyapanga upya mabomba: pampu moja iliyopo iachiwe kazi ya kuusukumia mwili damu, na damu inayorudi kutoka mwilini iingie mapafuni yenyewe, bila kusukumwa na chumba chochote. Wenye miradi ya maji vijijini wataelewa upesi. Maji yakishuka kwa mteremko hayahitaji mashine, ila mteremko uwepo kweli na bomba lisiwe limebana. Mapafu ya mtoto mchanga bado yamebana. Ndiyo maana kazi hii haifanyiki siku moja, wala mwaka mmoja, bali kwa hatua, na kwa kawaida hatua hizo ni tatu.

Ya kwanza hufanyika katika siku au majuma ya mwanzo ya uhai. Kama damu inayofika mapafuni ni kidogo mno, mtoto huwekewa njia ndogo ya kuiongeza. Upasuaji wa namna hii ulianzia Baltimore, Marekani, mwaka 1944, kwa mikono ya Alfred Blalock na fikra za Helen Taussig. Na nyuma ya Blalock alisimama mtu mweusi, Vivien Thomas, ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kusomea udaktari, naye ndiye aliyemwelekeza jinsi ya kushona, kwa kuwa alikuwa ameifanya kazi hiyo maabara mara nyingi kuliko bwana wake. (Wale wanaodhani elimu hupimwa kwa fremu ukutani wasome habari za mtu huyu.) Kama damu inayokwenda mapafuni ni nyingi kupita kiasi, hufanywa kinyume chake: mshipa hufungwa utepe ili kuibana. Wapo wachache ambao maumbile yao yamejiweka katika uwiano, wakaweza kungoja hatua ya pili. Na wapo ambao chumba cha kushoto ndicho kilichokosekana. Hao huhitaji upasuaji mgumu kuliko yote, ambao katika nchi zenye uwezo ulianza kufanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Hatua ya pili hufanyika mtoto akiwa na umri wa miezi minne hadi sita au zaidi. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani na mikononi huunganishwa moja kwa moja na mshipa wa mapafu. Njia hiyo inabeba jina la William Glenn wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyeieleza mwaka 1958. Hatua ya tatu, kwa kawaida kati ya umri wa miaka miwili na mitano, huunganisha pia mshipa unaorudisha damu kutoka tumboni na miguuni. Aliyeifanya kwanza ni Francis Fontan, huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1968, naye akaitangaza mwaka 1971. Mwaka huohuo wa 1971 hospitali yetu ya Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake hapa Mwanza. Zaidi ya nusu karne imepita. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba haya ni majaribio ya jana.

Hata baada ya hatua ya tatu, mtoto hajapona kama apataye nafuu ya malaria. Anabaki na pampu moja maisha yake yote. Atahitaji kliniki, dawa za kuzuia damu isigande, na uangalizi wa ini lake na wa mapigo ya moyo. Lakini wapo watu wazima duniani leo, wenye kazi na familia, waliopita njia hiyo. Anayesema “hata akipasuliwa atakufa tu” ajue kwamba anatoa hukumu ambayo madaktari wenyewe hawajaitoa.

Sasa turudi kwenye kosa letu. Hatua ya kwanza haimponyi mtoto. Inamnunulia muda, na muda huo una mwisho. Njia ile ndogo aliyowekewa mtoto mchanga haikui pamoja naye. Utepe uliomtosha akiwa na miezi miwili utamkaba akiwa na miaka mitatu. Na yule ambaye damu iliyafurikia mapafu yake bila kubanwa, mishipa yake hukakamaa kidogo kidogo hadi mteremko unapotea, na siku atakapofikishwa kwa daktari ataambiwa kwamba hatua ya mwisho haiwezekani tena. Mlango umefungwa. Haukufungwa na Mungu, wala haukufungwa na umaskini peke yake. Umefungwa pia na majira, na majira hayo yalipita wakati watu wakisema tulishamchangia.

Ndiyo maana tunathubutu kusema jambo litakalowaudhi baadhi: mchango wa hatua ya kwanza usio na mpango wa hatua ya pili ni wema uliokatishwa njiani. Umemweka mama barabarani kisha ukamshusha porini. Mtoto aliyefanyiwa hatua moja na kusahauliwa huonekana ana nafuu kwa muda; ananenepa kidogo, anacheka, anapigwa picha. Kisha anakua, na kukua kwenyewe ndiko kunakomrudisha kwenye shida, kwa kuwa mwili umekuwa mkubwa na njia imebaki ndogo.

Hapa tunapenda kuligusa suala la kambi za upasuaji, tukiwa na shukrani nyingi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, imewatibu watoto wengi ambao zamani wangesubiri safari ya India, na timu za wataalamu kutoka ng’ambo zimekuja mara kwa mara kufanya kazi bega kwa bega na madaktari wetu. Mwenye tundu katika ukuta wa moyo mara nyingi huzibwa mara moja, akarudi nyumbani, na habari yake ikaisha vizuri. Kambi ya juma moja inamfaa. Wafadhili pia inawafaa, kwa sababu picha ya kabla na picha ya baada zinapatikana katika safari moja. Mtoto wa chumba kimoja hana picha ya baada. Huonekana mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara mama yake anashika bahasha ileile ya vyeti. Huruma yetu imezoea wagonjwa wenye umbo la kambi, nao wengine huwaona kama wadai.

Lakini upo mfano mwingine, na umepita hapa hapa kwetu. Mwaka 1995 daktari Ami Cohen alianzisha huko Holon, Israel, shirika la kuwatibu moyo watoto wa nchi maskini, liitwalo Save a Child’s Heart. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2001 akiwa katika safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro. Shirika hilo lilishirikiana na Bugando. Watoto wa Kanda ya Ziwa walisafirishwa kwenda kutibiwa, na, la maana zaidi, daktari wa Bugando, Godwin Godfrey, alikwenda huko akajifunza upasuaji wa moyo wa watoto kwa miaka kadhaa, kisha akarejea kuwahudumia watoto wa nchi yake. Mafunzo ya namna hiyo hayana picha ya juma moja. Mtu analipiwa mwaka, na mwaka mwingine, na mwingine, bila kuonyeshwa mtoto hata mmoja aliyepona kwa fedha ile. Waliolipa walivumilia. Sisi tunashindwa kuvumilia nauli ya basi mara tatu?

Msituambie kwamba hatujui kuchanga kwa awamu. Watu wa Mwanza wanajua sana! Harusi ya mtoto wa jirani ina kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kuna kadi ya kichen pati, kadi ya sendofu na kadi ya harusi yenyewe, na anayekaribishwa ni mtu yuleyule mara tatu, na analipa mara tatu. Ana daftari lenye safu ya ahadi na safu ya kilicholipwa. Asiyemaliza ahadi hupigiwa simu usiku. Hatujawahi kusikia mtu akisimama kwenye kikao cha harusi na kuuliza, “Si tulishamchangia kwenye sendofu?” Sisi si maadui wa harusi, tunazifungisha. Tunachosema ni kwamba ustadi upo, daftari lipo, na simu ya usiku ipo. Kinachokosekana ni kumhesabu mtoto yule kuwa anastahili kamati.

Yapo mapingamizi mawili tunayopaswa kuyajibu kwa uaminifu.

La kwanza hutolewa na wasomi wetu, nalo si la kupuuzwa. Wanasema: fedha za kumpitisha mtoto mmoja katika hatua tatu zingenunua vyandarua na chanjo kwa mamia. Kwa waziri anayegawa bajeti ya taifa, hoja hiyo ni halali, na chanjo lazima zitangulie. Lakini jumuiya ya familia kumi na tano haigawi bajeti ya taifa. Imejiwa na mama mmoja mwenye mtoto mwenye jina. Na tunaomba tuonyeshwe vile vyandarua. Ile fedha iliyonyimwa hatua ya pili ilinunua vyandarua vingapi? Tunachojua ni kwamba ajenda iliyofuata ilikuwa sare. Isitoshe, muuguzi aliyezoea kumwangalia mtoto wa moyo usiku kucha ndiye huyohuyo atakayejua la kufanya mtoto njiti akiishiwa pumzi. Ujuzi haukai katika chumba kimoja.

La pili linakuja limevaa kanzu ya dini. “Ni mpango wa Mungu.” “Mtoto huyu ni malaika wa kupita.” Tena wapo wahubiri wanaomwambia mama kwamba kurudi hospitali mara ya pili ni dalili ya imani haba, kwa kuwa mtoto ameshaombewa. Tunasema wazi: huo si mpango wa Mungu, ni uvivu wa binadamu ulioazima jina lake. Mungu hakutupa akili za kina Taussig na Fontan ili tuzitazame kwa mbali. Na mume anayemwachia mkewe mtoto kwa kisingizio kwamba ukoo wao hauna ugonjwa huo, huyo hatumwiti mcha Mungu hata akibeba msalaba siku ya Ijumaa Kuu.

Hata hivyo hatutaki kumtwika mzazi mzigo ambao Kanisa lenyewe halimtwiki. Papa Pius XII, alipozungumza na madaktari mwaka 1957, alifundisha kwamba wajibu wa kulinda uhai hauendi hadi kumlazimisha mtu njia zisizo za kawaida, zenye mzigo mkubwa mno kwake au kwa wengine. Mzazi aliyeketi na daktari, akaelezwa ukweli wote, akaona njia hiyo haiwezekani kwa mwanawe, asinyooshewe kidole na yeyote. Mtoto wake anastahili kutunzwa bila maumivu na kupendwa hadi mwisho. Lakini huyo ni mzazi anayeamua kwa kujua. Mama anayeachwa katikati kwa sababu kikao kimechoka hakuamua chochote. Ameamuliwa.

Wasamaria wengi wa siku hizi huishia barabarani. Mwinjili Luka anasimulia kwamba yule Msamaria alifunga majeraha, akampandisha mtu yule kwenye mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni. Hapo angeweza kupiga picha na kuondoka. Badala yake alimwachia mwenye nyumba fedha, akaahidi kwamba gharama itakayozidi atailipa atakaporudi. Tazameni: alipanga kurudi! Alijua kwamba majeraha yale hayakuwa ya usiku mmoja. Tunahubiri sana juu ya mafuta na divai. Ile ahadi ya kurudi na kulipa huwa tunaisoma haraka haraka tukielekea kwenye Nasadiki.

Kuna jambo la bima pia. Kadi ya watoto iliyojulikana kama Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikilipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ilisitishiwa usajili wa mtoto mmoja mmoja mwezi Machi 2023, na sababu mojawapo iliyotolewa na Mfuko ni kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwasajili watoto waliokwisha kuugua. Wengi walikasirika, na hasira yao ilikuwa na haki yake, kwa maana walioumia kwanza ni wagonjwa. Lakini sababu ile nayo ni kioo. Mfuko hauwezi kusimama ikiwa wenye afya wanakaa nje wakingoja kuugua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka huohuo wa 2023. Itaishi au itakufa kwa jambo hili hili. Mtoto mzima wa jirani anaposajiliwa, analipia hatua ya pili ya mtoto asiyemjua.

Kwa wale wanaojifungua sasa, tuseme machache. Mtoto anayenyonya kwa kukatisha, akitokwa jasho kichwani kana kwamba analima, asiyeongezeka uzito, anayepumua haraka hata akiwa amelala, apelekwe hospitali. Asipelekwe kukatwa kimeo. Kwa ngozi yetu rangi ya samawati haionekani vizuri usoni. Tazameni ulimi na ndani ya midomo. Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kwenye mguu au mkono wa mtoto mchanga, kinachopima kiasi cha hewa safi katika damu bila kumtoboa. Ombeni kitumike kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kikisoma chini ya asilimia 95, ulizeni tena, na mkihitajika kwenda Bugando kwa kipimo cha eko, nendeni juma hilohilo.

Katika kikao kijacho cha Halmashauri ya Walei tutapendekeza daftari la wagonjwa wa safari ndefu, likae ofisini pamoja na daftari la ubatizo. Kila jumuiya ilete jina la mtoto wake, hatua aliyofikia, tarehe ya kliniki ijayo na namba tatu za simu: ya mama, ya jirani asiyehama, na ya katekista. Wazazi wengi wa visiwani huhama na kambi za uvuvi, na laini zao hubadilika. Hospitali hupiga namba iliyoandikwa kwenye faili, haipatikani, na nafasi hupewa mwingine. Jirani wa Nansio atakayepokea simu hiyo na kupanda boda kumtafuta mama, huyo naye amechangia.

Tunashauri pia kwamba michango ikusanywe majuma ya giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa na fedha zinapokuwa mikononi mwa watu, isikusanywe siku za mbalamwezi, mitumbwi inapokuwa imelala ufukoni. Kiasi kigawanywe kwa miezi kumi na miwili. WAWATA wamekubali kutunza kisanduku. Ufunguo mmoja utakaa kwao na wa pili kwa mweka hazina wa parokia.